Kuku Watalala Wapi? Kisa cha Yasmeen Lari, Msanifu wa Pakistan

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Pakistan chini ya Zulfikar Ali Bhutto iliamua kuwajengea watu wa kipato kidogo makazi mapya mjini Lahore. Kazi ya kuchora ikamwangukia mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, binti wa afisa mkubwa wa serikali, aliyesomea Uingereza. Alipomaliza michoro aliibeba akaenda kuwaonyesha wanawake ambao wangekuja kuishi humo. Wakamrudishia swali: na kuku wetu, watalala wapi?

Yasmeen Lari amelisimulia tukio hilo mara nyingi uzeeni, na haishangazi. Ni swali dogo linaloweza kuvuruga ramani nzima. Mwanamke wa mtaa wa mabanda mwenye kuku watano ameweka benki yake pale: yai la mtoto, kitoweo cha mgeni, pesa ya dharura. Ukimpandisha ghorofani bila uwanja, umempa ukuta ukamnyang'anya riziki. Lari alirudi mezani. Makazi hayo, yanayoitwa Angoori Bagh, yakajengwa kwa tofali za kuchoma, yenye vichochoro vyembamba vya kivuli na mabaraza ya wazi huko juu, mahali ambapo kuku wangekaa, mboga zingeota na watoto wangecheza mama akiwaona.

Naanza hapo kwa makusudi. Wengi wanaosimulia maisha yake huyakata vipande viwili: kwanza mchora ramani wa mabwanyenye, kisha mtu aliyetubu akaenda kujenga kwa udongo vijijini. Mwenyewe huichochea simulizi hiyo, maana amewahi kusema kwamba anachofanya sasa ni kama kulipia aliyoyafanya zamani. Mimi nadhani anajionea. Swali la kuku alikuwa nalo tangu mwanzo. Kilichokosekana kwa karibu miaka thelathini ni mteja wa kumlipa alijibu.

Binti wa afisa

Alizaliwa mwaka 1941 huko Dera Ghazi Khan, Punjab, wakati nchi ile ingali India ya Mwingereza. Baba yake, Zafarul Ahsan, alikuwa mtumishi wa ngazi ya juu wa utawala na alishiriki kuupanga na kuupanua mji wa Lahore, kwa hiyo habari za barabara, viwanja na mitaa mipya zilikuwa mazungumzo ya nyumbani. Akiwa na miaka 15 alikwenda London. Aliomba kusoma usanifu majengo, akakataliwa kwa sababu hajui kuchora. Akasoma sanaa miaka miwili, akarudi kugonga mlango tena, safari hii Oxford, akahitimu mwaka 1964.

Mwaka huohuo akiwa na mumewe, Suhail Zaheer Lari, alirejea na kufungua ofisi Karachi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza msanifu majengo nchini Pakistan. Wapo watakaosimama kwenye neno "wa kwanza" na kupiga makofi, nami sina ugomvi nao, lakini kwa kisa hiki jambo la maana zaidi ni kile ambacho wawili hao walikuwa wakifanya nje ya ofisi. Walizunguka kwenye miji ya kale ya nchi yao, Thatta na mingineyo, wakitazama nyumba zilizojengwa na mafundi wasiosoma kokote. Lari husema hapo ndipo alipoanza kusahau kwa makusudi mambo aliyofundishwa Oxford.

Hata hivyo aliendelea kupata kazi za mjini, na kazi za mjini zilitaka zege. Nyumba yake mwenyewe Karachi ni ya zege tupu. Baada ya Angoori Bagh, iliyojengwa miaka ya 1970, na mradi wa kuwapa makazi mapya wakazi wa Lines Area, mtaa wa Karachi, mnamo 1980, orodha yake inajaa majina mazito: hoteli ya Taj Mahal (1981), Finance and Trade Centre (1989), makao makuu ya kampuni ya mafuta ya taifa, Pakistan State Oil (1991). Vioo, mawe yaliyong'arishwa, viyoyozi. Ukipita Karachi leo utayaona yamesimama.

Pembeni ya hayo, mwaka 1980 yeye na Suhail walianzisha Heritage Foundation of Pakistan ili kuorodhesha na kulinda majengo ya kale. Taasisi hiyo wakati ule ilionekana kama shughuli ya mapumziko ya watu wenye nafasi. Mwaka 2000 Lari alifunga ofisi, akasema amestaafu. UNESCO ikamwita akashauri katika ukarabati wa Ngome ya Lahore, na pale, kwenye kuta za wafalme wa Mughal, akakutana kwa karibu na kitu ambacho kingetawala miaka yake yote iliyobaki: chokaa.

Tarehe 8 Oktoba 2005

Asubuhi hiyo tetemeko la ukubwa wa 7.6 lilipiga Kashmir na kaskazini mwa Pakistan. Upande wa Pakistan peke yake waliokufa ni zaidi ya 73,000, na mamilioni walibaki bila makao huku baridi ya milimani ikikaribia. Maelfu ya watoto walifukiwa madarasani, maana ilikuwa saa ya masomo, na baadhi ya shule zilizoanguka zilikuwa za zege. Kumbuka hilo, litaturudia.

Lari alikuwa na miaka 64, na kwa maneno yake mwenyewe hakujua angesaidia vipi. Hakuwahi kufanya kazi ya maafa. Alikwenda wilaya ya Mansehra, kwenye bonde la Siran, akakuta watu wamekaa juu ya malighafi. Nyumba imeanguka, lakini mawe yapo, magogo yapo, udongo upo. Mashirika yalikuwa yakileta mahema na mabati, na wataalamu wengi walishika msimamo kwamba nyumba salama ni ya zege na nondo. Zege hilo lilipaswa kupandishwa milimani kwa barabara zilizokatika. Nani angelipia? Na fundi wa kulichanganya vizuri angetoka wapi, hali zege lililochanganywa vibaya nalo lilikuwa limetoka kuua watoto?

Akachagua vifusi. Mawe yaleyale, safari hii yakishikwa kwa chokaa badala ya udongo mtupu, na ukuta kufungwa kwa mbao ili ukitikiswa usisambaratike. Watu wa milima ile walikuwa na ujuzi wa kale wa kujenga fremu ya mbao yenye viungo vya mkingamo na kujaza nafasi zake kwa mawe madogo na udongo. Wao huita dhajji. Anayejua nyumba ya fito na udongo ya kwetu hahitaji maelezo marefu: mti hubeba na udongo hujaza, na tetemeko likija ukuta unapasuka vipande vidogo vidogo bila kumwangukia mtu kwa kishindo kimoja.

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kisa chote. Mtu aliyepewa hema hukaa hemani akisubiri. Mtu aliyeinua mawe yake mwenyewe siku tatu za mwanzo husimama tofauti, huanza kubishana na mhandisi, huanza kuuliza dirisha liwe wapi. Lari akaanza kuuchukia utaratibu mzima wa misaada, na chuki hiyo haijampoa hadi leo.

Chokaa na mwanzi

Mwaka 2010 maji yalifuata. Mafuriko ya mto Indus yaliwakumba watu wapatao milioni 20, na mwaka uliofuata mvua zikarudi kuupiga mkoa wa Sindh. Sindh si mbali nasi kama ramani inavyosema. Katika mkoa huo, na Karachi hasa, wanaishi Masheedi, ambao wengi wao ni wajukuu wa watu waliovushwa bahari kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na ngoma zao za Mangopir bado zinapigwa. Lakini turudi kwenye maji.

Kijiji cha Sindh ni nyumba za udongo. Udongo ukiloa siku mbili tatu unarudi kuwa tope, na nyumba inaondoka. Jibu la haraka la kila mtu ni saruji. Lari alikuwa ametoka kwenye ngome iliyosimama karne nyingi bila saruji, kwa hiyo akauliza swali lingine: huu udongo unakosa nini?

Unakosa chokaa. Wazee wa pwani yetu wangemjibu kabla hajamaliza kuuliza, kwani Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimesimama kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe kwenye tanuu za kuni. Jiwe la chokaa huchomwa, likazimwa kwa maji, likawa unga au uji mweupe. Ukiuchanganya na udongo wa mfinyanzi, vitu viwili hutokea. Kwanza, chokaa hushikana na chembe za udongo zikawa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi majini. Pili, chokaa inapokauka hunyonya kutoka hewani sehemu ya hewa ya kaboni iliyotoka jiwe lilipochomwa, ikarudi kuwa jiwe. Kuichoma kunataka nyuzi joto 900 hivi, wakati saruji inataka karibu 1,450, na ndiyo maana viwanda vya saruji huhesabiwa kuchangia karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na binadamu duniani. Sisemi chokaa haina moshi. Tanuu ni tanuu.

Kitu cha pili ni mwanzi. Ni mwepesi, unapinda bila kuvunjika, unaota upya katika miaka michache, na mwanamke mmoja anaweza kuubeba. Akaichukua dhana ya dhajji, akabadili mbao kwa mwanzi, akatengeneza kibanda cha pembe nane kwa paneli zilizoundwa chini kisha zikasimamishwa na kufungwa pamoja, juu yake paa lenye umbo la mwavuli. Paneli zinawekwa mkeka, mkeka unakandikwa udongo wenye chokaa. Nyumba nzima hukaa juu ya jukwaa lililoinuliwa. Fremu hizo zilipelekwa Chuo Kikuu cha NED mjini Karachi zikatikiswa kwenye mtambo wa kuigiza matetemeko, zikasimama.

Ujanja wa muundo huu uko kwenye namna unavyokubali kushindwa. Maji yakizidi kimo, lipu itabanduka. Mwanzi utabaki. Wenye nyumba watarudi, watachota udongo palepale, watakandika upya. Nyumba ya tofali za kuchoma ikichimbwa msingi na maji inapata ufa, na ufa ule unataka fundi, fundi anataka pesa, na pesa ndiyo iliyokwenda na maji.

Jiko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi yake iliyowafikia watu wengi zaidi haina paa wala ukuta. Ni jiko.

Mwanamke wa kijijini Sindh hupika kwenye chulah, jiko la chini, mdomo wazi, moshi ukimfuka usoni. Mpishi wetu wa mafiga matatu anaijua hali hiyo: macho mekundu, kifua kinachokohoa, sketi inayoweza kushika moto, mtoto anayetambaa kuelekea kwenye sufuria. Kule kuna na tatizo la maji. Mvua ikifurika, jiko la ardhini ndilo la kwanza kuzama, na familia iliyookoka hulala njaa mbele ya unga wake.

Jiko ambalo Lari alilianzisha mwaka 2014 ni la udongo na chokaa, lina nafasi mbili za kupikia na bomba la kutolea moshi, linatumia kuni chache na hukubali taka za shambani. Mpaka hapo halina ajabu. Majiko banifu tumeyaona mengi, na tumeyaona mengi yakigeuzwa viota vya kuku baada ya mfadhili kuondoka. Tofauti ni kwamba limejengwa juu ya jukwaa la udongo. Mpishi hupanda juu, anakaa pamoja na jiko lake, vyombo vyake na watoto wake, kimo ambacho maji ya kawaida hayafiki na mbuzi hafiki. Kwenye jukwaa kuna nafasi ya kunawia mikono. Wanawake wakaanza kuyapaka rangi, kuyanakshi maua na ndege, kushindana nani lake limependeza. Mtu haachi kitu alichokinakshi.

Na namna lilivyosambaa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Taasisi haikugawa majiko. Ilifundisha wanawake wachache, baadhi yao kutoka tabaka zinazodharauliwa kabisa, nao wakaenda kijiji hadi kijiji wakiwafundisha wenzao kujenga, kila anayefundishwa akilipa ada ndogo, kiasi cha rupia 200 hivi. Udongo anachota mwenyewe. Ada ile ndiyo mshahara wa mwalimu. Mwanamke ambaye jana hakuruhusiwa kuchota maji kisima kimoja na wengine, leo anaitwa kwa heshima afike nyumba ya mtu aelekeze pa kuweka bomba. Majiko yakafika makumi ya maelfu, na mwaka 2018 mradi ukapewa tuzo ya World Habitat, ya miradi ya makazi.

Ukimuuliza Lari kwa nini watu maskini walipe, atakwambia kwamba cha bure ndicho kilichowafanya maskini waonekane ombaomba. Mtu mwenye shaka atasema ni rahisi kuyasema hayo ukiwa na nyumba Karachi. Nakubali. Ila naona kwamba katika hesabu yake pesa haiondoki kijijini. Inatoka mfuko wa mwanamke mmoja ikaingia mfuko wa mwanamke mwingine.

Ombaomba wa Makli

Karibu na Thatta kuna makaburi ya Makli, moja ya maeneo makubwa ya maziko duniani, yenye makuba ya wafalme, masultani na mawalii kuanzia karne ya 14 hadi ya 18. UNESCO iliyaweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lari alifika pale kwa ajili ya mawe ya kale. Kuzunguka makaburi hayo kulikuwa na vijiji ambavyo watu wake waliishi kwa kuomba kwenye makaburi ya mawalii, vizazi na vizazi, mtoto akirithi bakuli la baba.

Msanifu wa kawaida wa mambo ya kale angewaona watu hao kama kero ya mazingira. Yeye akaanzisha palepale kituo cha mafunzo, jengo la mwanzi na udongo lisilotumia saruji wala chuma kingi, akaanza kufundisha: kutengeneza paneli za mwanzi, tofali za udongo na chokaa zisizochomwa, vigae vya kung'aa kama vile vilivyopamba makuba hayohayo. Vijiji vikagawana kazi. Hiki kinatengeneza tofali, kile mikeka, kingine vigae, na vinauziana. Kijiji cha jirani kikitaka nyumba, kinanunua vipande kwao. Anayaita hayo usanifu wa miguu peku, na shabaha zake anazihesabu kwa sifuri nne: sifuri ya kaboni, sifuri ya taka, sifuri ya wafadhili, sifuri ya umaskini.

Sifuri ya tatu nina maswali nayo. Kituo chenyewe, mwanzi wa mwanzo, mishahara ya vijana wasanifu wanaotoka Karachi, vyote viligharimiwa na mtu. Nadhani anachomaanisha ni kwamba mfadhili awe mbegu, asiwe mvua.

Maji ya 2022

Kisa cha namna hii kinahitaji mtihani, na mtihani ulikuja. Mvua za 2022 ziliathiri watu milioni 33 Pakistan, zaidi ya 1,700 wakafa. Sindh iliumia kuliko mikoa mingine. Picha za satelaiti zilionyesha ziwa ambalo halikuwepo mwezi uliotangulia.

Miezi michache kabla, kijiji kinachoitwa Pono Colony kilikuwa kimejengwa kwa muundo wa Lari, nyumba mia moja hivi. Maji yalipokuja wakazi hawakukimbilia barabarani kama majirani zao. Walikaa juu ya majukwaa yao, wakapika, wakasubiri maji yashuke. Nyumba zilisimama.

Lari, akiwa na miaka 81, akatangaza lengo la nyumba milioni moja. Akaweka masomo ya ujenzi kwenye video mtandaoni, ili fundi wa kijiji chochote mwenye simu aangalie namna ya kufunga mwanzi na kuzima chokaa, na akapanga kila kijiji kilichojifunza kifundishe vingine. Mwaka 2023 chama cha wasanifu wa Uingereza, RIBA, kilekile alichojiunga nacho mwaka 1969, kikampa Medali ya Dhahabu ya Kifalme. Mwaka 2025 aliteuliwa kupewa tuzo ya Wolf ya Israel, yenye dola 100,000. Akaikataa kwa sababu ya yanayotendeka Gaza. Dola laki moja ni jukwaa la jiko mara elfu nyingi. Alizikataa hata hivyo.

Wanaotaka tofali

Sasa upande mwingine, ambao waandishi wengi wa sifa huupita mbio.

Baada ya mafuriko hayo, serikali ya mkoa wa Sindh, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wengineo, ilianzisha mpango wa kujenga nyumba zaidi ya milioni mbili. Kila kaya inapewa rupia 300,000 kwa awamu, kupitia akaunti ya benki, na kaya hujenga yenyewe. Wengi, wakiachiwa wachague, wanajenga kwa tofali za kuchoma na zege. Nyumba milioni mbili ni kasi ambayo vituo vya mafunzo vya Lari haviwezi kuifikia.

Na usiwalaumu. Muulize mtu wa Kilosa, Kilifi au Bujumbura anataka nyumba gani, atakwambia tofali na bati. Nyumba ya udongo kwetu ni nyumba ya babu, ni picha inayopigwa na mgeni. Kijana akitaka kuoa anaulizwa kama amejenga, na maana ya kujenga inajulikana. Msindhi naye ana neno lake, pakka, kwa kitu kilichoiva na kudumu, na kutcha kwa kibichi. Unamwambiaje mtu aliyeitwa mbichi maisha yake yote aendelee kuishi kwenye ubichi, hata ukiwa umechanganywa chokaa?

Kisha kuna suala la nani anakandika. Nyumba ya udongo inataka mkono kila msimu. Kule Sindh mkono huo ni wa mwanamke, kama ulivyo Umaasaini, ambako nyumba ni kazi ya mke tangu fito hadi samadi. Unapomsifu mwanamke kwa kujenga nyumba yake, hesabu pia saa zake. Angechota maji, angepika, angelima, na sasa ana lipu ya kurudia. Jibu la Lari ni kwamba ujuzi humpa sauti, na majiko yanaonyesha ana hoja. Ila sauti na uchovu vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja.

Lakini tofali pia lina historia yake, na hapa ndipo mizani yangu inapoanza kuelemea upande wa Lari. Pakistan tofali nyingi hutoka kwenye tanuu ambako familia nzima, watoto wakiwemo, hufinyanga udongo kulipa deni lililochukuliwa na baba au babu. Makaa yanayochoma tofali hizo ni sehemu ya moshi unaoifunika Lahore kila kipupwe. Familia ya Sindh inayojenga pakka inaweza kuwa imenunua heshima yake kutoka kwenye deni la familia nyingine maskini. Hilo halimo kwenye risiti ya rupia 300,000.

Kama ningekuwa mkandarasi ningetafuta njia ya kati: msingi na jukwaa vya kuhimili maji, fremu imara, na kuta ambazo mwenye nyumba anaweza kuzibadilisha kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Mafuriko ya 2024 yalipofunika mashamba na makazi ya Rufiji, na Kenya nayo ikizikwa kwenye tope mwezi huohuo, niliona watu wakirudi kujenga palepale, kimo kilekile, kwa tofali za saruji zilezile. Jukwaa lingegharimu udongo na jasho tu.

Barabara ya Denso Hall

Mjini Karachi, si mbali sana na minara aliyoichora Lari zamani, kuna jengo la mawe la mwaka 1886 liitwalo Denso Hall, lililojengwa kuwa maktaba ya wenyeji enzi za Mwingereza. Uchochoro uliolizunguka ulikuwa wa magari, lami iliyopasuka na maji machafu. Mwaka 2021 Heritage Foundation iliufunga kwa magari. Lami ikang'olewa, vikapandwa vijisitu vya miti iliyosongamana, na chini vikatandazwa vigae vya udongo uliochomwa, vyenye nafasi katikati ili mvua ipenye na kuzama ardhini badala ya kujaa.

Vigae hivyo vilitengenezwa Makli, na watu waliokuwa wakiomba kwenye makaburi. Wapita njia wa Karachi, makarani, wauza chai, wanafunzi, huvikanyaga kila siku.